Sketi Iliyobaki Nyumbani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia chumba cha mbele, ambacho mama yake mdogo alikifanya ofisi ya ushonaji. Alikusanya vipande vya nyuzi, akaokota pini kwa sumaku, akafuta vumbi kwenye cherehani. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani na mtaani walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Asubuhi hii hakuenda shule. Likizo ilikuwa imeanza, na waumini wa kanisa lao walikuwa wanaondoka kwa hija ya miguu kwenda kwenye kanisa la kale juu ya kilima. Mwaka uliopita mama mdogo aliugua sana, akafanyiwa upasuaji wa tumbo. Akiwa kitandani hospitalini aliweka nadhiri kwamba akipona atakwenda kushukuru pale kilimani kwa miguu yake mwenyewe, wala hatapanda gari. Sasa alikuwa amepona, ingawa akichoka alishika ubavu.

“Njiani vaa unachoweza kutembea nacho,” alimwambia Chiriku huku akimkabidhi sketi ndefu ya kahawia. “Lakini mlangoni mwa kanisa, magoti na mabega yafunikwe. Unaivaa hii juu ya kaptula, ukitoka unaivua. Nimeishona nyepesi makusudi.”

Chiriku alishukuru kwa mdomo. Moyoni alichukia. Kitambaa kile alikijua; kilikuwa mabaki ya mapazia yaliyoshonwa kwa ajili ya ofisi fulani. Akilini alimwona Twiga, rafiki yake wa darasani ambaye wangesafiri pamoja, akimwuliza kama amevaa dirisha. Isitoshe, mkoba ulikuwa umejaa hadi zipu inalalamika. Alipobaki peke yake aliitoa sketi, akaisukuma chini ya godoro, na mahali pake akaweka viatu vyake vya wazi.

“Umeweka sketi?” mama mdogo aliuliza akiwa anafunga mlango.

“Nimeweka.”

Kanisa la kwanza lilikuwa kando ya barabara kuu, nao walilifikia jua likiwa kali. Mlangoni alisimama mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole. Alimrudisha mwanamume aliyevaa fulana isiyo na mikono, naye akatoa shati mkobani, akalivaa, akaingia bila neno. Kisha mama yule akamtazama Chiriku magotini, akamwuliza kama ana kitu cha kujifunika.

Mama mdogo akamgeukia. Chiriku alijibu haraka kwamba sketi iko chini kabisa ya mkoba, kutoa vitu vyote ni kazi, na yeye amechoka, afadhali asubiri nje. Mama mdogo alimtazama kidogo, kisha akaingia na wenzake.

Chiriku alikaa kwenye ngazi zilizochomwa na jua. Malengelenge yalikuwa yameanza kumtoka kisiginoni. Alisikia watu wakiimba ndani, akanuna. Kwa nini goti lizuiwe mlangoni? Lingemfanyia nani nini? Wenzake walipotoka walikuwa wamepoa, nyuso zimekunjuka, na Twiga hakuacha kusimulia habari za madirisha ya vioo vya rangi yaliyomwaga bluu na nyekundu sakafuni. Chiriku alimwambia kwamba madirisha ameyaona mengi.

Kesho yake, katika kanisa la pili, alijaribu ujanja. Alijipenyeza katikati ya kundi, mkoba ameukumbatia mbele ili ufunike magoti. Alifika hadi kwenye mabenchi ya nyuma. Hapo katekista, mwanamume mrefu aliyekuwa akiongoza msafara, alimgusa bega na kumnong'oneza kwamba atoke taratibu, avae vizuri, kisha arudi. Upole huo haukusaidia kitu, kwani benchi zima liligeuka kumtazama. Masikio yalimwaka moto hadi nje.

Twiga alimfuata, akamwuliza kwa nini haivai tu hiyo sketi yake mambo yakaisha.

“Usinihoji kama polisi,” Chiriku alimjibu.

Twiga akarudi ndani, na Chiriku akabaki na hasira zake. Alimkasirikia katekista, akaukasirikia mwendo, akaikasirikia ile sketi kana kwamba ndiyo iliyojificha yenyewe chini ya godoro. Wakati mwingine alitamani kusema ukweli ili apumue. Lakini angeanzaje? Kila alipomwona mama mdogo, aliona ile mikono iliyoinama juu ya cherehani, akageuza uso.

Siku ya mwisho walifika chini ya kilima asubuhi. Kanisa la kale lilionekana juu, kuta zake nyeupe, na watu wengi walikuwa wakipanda kuelekea huko. Katekista aliwakumbusha kwamba katika misa ya leo waliopona magonjwa wataitwa mbele kushukuru, hivyo wasichelewe. Mama mdogo alijifunga kitambaa juu ya suruali yake ya kutembelea, akajipangusa vumbi usoni, akatabasamu kama mtu anayekwenda harusini.

“Leo hakuna cha kusubiri nje,” alisema. “Lete mkoba, nikutolee sketi mwenyewe.”

Kabla Chiriku hajafungua mdomo, zipu ilikuwa imefunguliwa. Vilitoka fulana, taulo, viatu vya wazi, chupa. Mama mdogo alitia mkono hadi chini, akaugeuza mkoba, akaukung'uta.

“Iko wapi?”

“Imeanguka,” Chiriku alisema. Akajisikia akiendelea, kama mtu anayeteremka mteremko asiyeweza kusimama. “Pale bombani tulipochota maji. Nilitoa vitu nipate chupa. Itakuwa ilianguka pale.”

Alidhani mama mdogo ataguna, atamkaripia, kisha atapanda. Mama mdogo hakukaripia. Alitazama kanisa juu, akatazama barabara waliyotoka, akampa Twiga mkoba wake amshikie.

“Siwezi kwenda kusema asante na mtoto wangu amekaa mlangoni,” alisema. “Pandeni. Nitawakuta.”

Akaondoka. Kundi likaanza kupanda, na Chiriku akapanda nalo hatua chache, kisha akasimama. Alijaribu kukasirika tena, kwani hasira zilikuwa nyepesi kuzibeba, lakini safari hii hazikuja. Kule chini mama mdogo alikuwa anatembea akitazama majani ya kando ya barabara, huku na huku, akitafuta kitu ambacho hakipo. Mkono mmoja alikuwa ameushika ubavuni.

Kengele ya misa ikalia.

Chiriku alikimbia. Kisigino kilimuuma kama kimekanyaga kaa la moto, lakini hakupunguza mwendo hadi alipomfikia.

“Mama mdogo, haikuanguka.” Alikuwa anahema. “Iko nyumbani, chini ya godoro. Niliitoa mwenyewe. Sikuipenda, inafanana na pazia.”

Mama mdogo alikaa kwenye jiwe la kando ya barabara. Chiriku akaanza kulia.

“Siku zote hizi,” mama mdogo alisema, “nilikuwa najilaumu mimi. Nilidhani mkoba nilikupa mzito mno, ndiyo maana unachoka kuufungua.”

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko ambavyo kofi lingemchoma. Aliomba msamaha, akaomba tena. Mama mdogo aliinuka polepole, akamwambia kwamba msamaha ameupata, ila misa haisubiri, waende.

Walipanda kwa mwendo wa ubavu wa mama mdogo. Walipofika, waliopona walikuwa wameshaitwa, wameshaombewa, wamesharudi kwenye viti vyao, na watu walikuwa wanatoka. Mama mdogo alisimama uani akiyatazama mabega ya watu yakimpita.

Twiga aliwaona. Aliusikiliza mkasa kwa kifupi, na kwa mara ya kwanza tangu waondoke nyumbani Chiriku alieleza jambo kwa maneno machache. Twiga hakucheka. Aliivua sketi yake pale pale, akabaki na suruali aliyoivaa ndani, akamkabidhi. Kwa kuwa Twiga alikuwa mrefu, sketi ilimzidi Chiriku urefu hadi ikafagia chini, ikabidi aishike kwa mikono yote miwili.

Ndani palikuwa na baridi tamu. Mtunza kanisa alikuwa anazima mishumaa. Kwenye benchi la mbele mwanamke mmoja aliyevaa nguo za msiba alikuwa amepiga magoti, kichwa amekiinamisha, hajui nani ameingia. Chiriku alitembea kwa ncha za vidole ili asimshtue. Mama mdogo alipiga magoti, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Walipotoka, katekista alikuwa ameshawakusanya wasafiri chini ya ukuta. Kwa sauti isiyoficha kuudhika aliuliza ni jambo gani kubwa lililomfanya fundi akose misa aliyoifuata kwa miguu siku zote hizi. Mama mdogo alianza kusema kwamba yalikuwa mambo madogo ya nyumbani.

“Si yeye,” Chiriku alisema. “Ni mimi.”

Akasimulia yote mbele ya watu, tangu godoro hadi bomba la maji. Sauti ilimkatika mara kadhaa, lakini hakuruka kitu. Katekista alimwomba mama mdogo radhi kwa kumsemesha vile. Kisha akamwambia asimame katikati yao, atoe shukrani zake pale pale. Mama mdogo alisema machache tu. Wenzake waliotembea naye wakaanzisha wimbo, na wale waliokuwa wanashuka kilima wakasimama kuitikia.

Baada ya hapo mama mdogo alimvuta Chiriku karibu, akamkalisha kivulini na kukitazama kisigino chake.

“Umemwona yule mama wa msiba ndani?” aliuliza. “Tunajifunika kwa ajili ya watu kama yeye. Watu wanaingia mle na mizigo yao. Tukiingia na nguo za mchezoni, tunawavuta watutazame sisi. Ni heshima kwa walio ndani na kwa Mwenye nyumba.”

“Nimeelewa, mama mdogo.”

“Na lingine. Kama hukuipenda sketi, ungesema. Mimi fundi, mwanangu. Ningeifumua na kuishona nyingine jioni ile ile, wala nisingeumia. Kilichoniumiza ni kutafuta majanini kitu ulichojua hakipo. Usimpeleke tena mtu anayekupenda kwenye njia kama ile.”

Alichana kitambaa safi, akakifunga kisigino vizuri, kisha akampa mkono amwinue.