Mtutu Uliotobolewa Baada ya Mazishi

Nilimjua muuaji wa Emmett Rusk kabla polisi hawajafunga mlango wa gari lao. Nisijisifu sana: niliwajua watatu, kila mmoja kwa uhakika kamili, na wote watatu hawakuwa na hatia. Mmoja alikuwa mchungaji wetu, ambaye siku ile alikuwa kitandani akiugua nyonga.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa Juni, 1971. Mwili ulikuwa kando ya mfereji unaomwagilia malisho ya Rusk, na aliyeuona ni mkewe, Hazel, alipokwenda kumwita mumewe kwenye kifungua kinywa. Emmett alilala chali. Asubuhi ilikuwa na joto, naye alikuwa ametundika koti lake kwenye nguzo ya seng'enge, akabaki na shati jeupe. Ubavuni palikuwa na tundu moja.

Inspekta Delmar Skaar alichutama. Ni mtu mrefu, mpole, anayetembea kama anaogopa kuumiza nyasi.

"Tundu hili si la duara," alisema.

"Risasi imeingia kiubavuubavu," daktari alijibu. "Kama mtu anayepita mlangoni amebeba meza."

"Amekufa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, saa moja. Hakuteseka sana."

Hazel alisema alisikia mlio mmoja. Hakushtuka. Kwetu Montana mtu akishtuka kwa kila mlio wa bunduki hamalizi kunywa kahawa. Jirani yao, Axel Nygaard, fundi bunduki, ambaye karakana yake inatazamana na mfereji ule, alisema hakusikia chochote kwa sababu mashine ilikuwa inaunguruma.

Sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya yetu, hakuhitaji masikio ya Axel. Alikuwa na Clayton Voss, mwenye shamba la chini ya mfereji. Yeye na Emmett walikuwa wakigombea maji tangu theluji iyeyuke, na wiki mbili kabla, Clayton alitamka mbele ya watu kumi na mmoja kwamba atamzika Emmett humo humo mferejini.

"Ulitamka hayo?" Inspekta alimuuliza Clayton.

"Nilitamka. Akanijibu nianze kuchimba mapema, maana hajawahi kuniona na koleo."

"Jumanne alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Nani alikuona?"

"Mtu akilala peke yake anaonwa na nani, Inspekta?"

"Una bunduki?"

"Nne. Na wewe unazo ngapi?"

Wakazichukua zote nne, na mwenyewe wakamfungia. Malisho yake yakabaki bila mtu wa kuyafungulia maji. Siku ya tano yalikuwa ya manjano pembeni. Siku ya saba ungedhani yamepigwa pasi ya moto. Ng'ombe mia moja na arobaini wangekula nini majira ya baridi, hilo halikumhusu sherifu.

Ripoti ya maabara ilikuja siku ya nane. Risasi iliyomuua Emmett ilikuwa ya risasi tupu, yaani madini yenyewe, laini, imemiminwa kwa mkono, haikuvikwa shaba. Na haikuwa na alama hata moja ubavuni.

"Maana yake nini?" sherifu aliuliza.

"Mtutu ambao haujachakaa una michirizo ndani," Inspekta alisema. "Michirizo huizungusha risasi ili inyooke, na huiachia alama. Hii imetoka kwenye mtutu uliolika mpaka ukawa laini kama shingo ya chupa. Ndiyo maana ilifika imelala upande. Bunduki za Clayton zote zina mitutu mizima."

"Huenda anayo ya tano."

"Huenda. Basi niitafute."

Akaja kwangu posta. Miaka thelathini na moja nimekaa nyuma ya kaunta ile. Sifungui barua za watu. Zinazokuja hazijafungwa vizuri, hizo ni habari nyingine.

"Bi Opal, nani hapa ana bunduki ya zamani, mtutu umekwisha?"

"Marehemu," nikasema.

Akanitazama.

"Ile ya wenzo ya babu yake," nikaendelea. "Unashusha mpini ulio chini ya kifyatulio, unapandisha, risasi inapanda. Mtutu ulikwisha zamani. Axel ndiye anayeifufua, na wamegombana mwaka mzima. Axel anataka kutoboa mtutu na kupenyeza bomba jipya ndani. Emmett hataki. Alisema mtutu ule ulimlisha babu yake paa na kulungu, na anayetaka kuutoboa aanze na yeye."

Inspekta akaenda kwa Axel. Mzee alikuwa na miaka sabini na mbili, mikono yake safi kama ya mwalimu. Bunduki ilikuwa mezani, mti wake umepakwa mafuta, wenzo unateleza bila kelele. Inspekta akamulika ndani ya mtutu. Kulikuwa kunang'aa. Mdomoni mwa mtutu palikuwa na mstari mwembamba wa duara, kama pete ya ndoa.

"Umeweka bomba."

"Nimetoboa, nikapenyeza, nikalehemu. Kwa nje ni mtutu ule ule wa babu yake."

"Lini?"

"Mei. Mwishoni mwa Mei."

"Na Emmett alikubali?"

Mzee alifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Mwishowe alikubali."

Nusu saa baadaye Inspekta alikuwa kwangu tena.

"Bi Opal, bomba kama lile huja vipi?"

"Kwa posta. Limefungwa kama fimbo ya pazia."

"La Axel lilikuja lini?"

Nikafungua daftari la vifurushi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme Mei, kidole kikagota. Ilikuwa Ijumaa, siku tatu baada ya kifo, masaa matatu tu baada ya kumzika Emmett. Nilimkabidhi kifurushi kwa mkono wangu, nikampa pole kwa rafiki yake, akanishukuru. Mimi ninayejua mambo ya watu wote sikujua nimeshika nini.

Inspekta hakunicheka, ingawa ningestahili. Alikuwa anatazama saini ya Axel. Haikukaa kwenye mstari wake. Ilipanda juu ya jina la mtu mwingine, ikaanguka nje ya ukurasa.

"Amekuwa akitia saini hivi tangu lini?"

"Tangu majira ya baridi," nikasema. "Nilidhani ni pombe."

Yaliyofuata Inspekta alinisimulia mwenyewe, baada ya kesi, amesimama kwenye kaunta na stempu moja ambayo hakuwa na barua ya kuibandika.

Alimkuta Axel ananoa patasi.

"Ulisema Mei, mzee. Bomba limefika siku ya mazishi."

Axel aliweka patasi chini.

"Niliagiza mapema," alisema. "Nilijua atakubali. Yeye alitaka kwanza nimwonyeshe kwa macho yake kwamba mtutu umekufa. Akaja asubuhi ile, saa kumi na mbili. Tukafanya kama siku zote."

"Siku zote mnafanyaje?"

"Mmoja anafyatua kutoka hapa dirishani. Mwingine anasimama kule kwenye shabaha, hatua nne pembeni, anaita. Juu. Chini. Kushoto. Inaokoa kutembea."

"Anasimama kwenye shabaha?"

"Miaka hamsini, Delmar. Baba yako alituita wajinga. Hatujawahi kukwaruzana hata ngozi." Alitazama mikono yake. "Nikafyatua, nikasubiri aite. Nikasubiri. Nikasema, huyu ananitania, ananyamaza makusudi. Alikuwa na tabia hiyo."

"Ukaenda?"

"Nikaenda. Alikuwa ameshakwisha. Nikabandua karatasi, nikarudi."

"Ukamwacha Hazel amkute."

Mzee aliokota patasi, akaanza kuinoa tena.

"Na Clayton? Siku tisa yuko ndani. Malisho yake yamekufa."

"Nilidhani watamwachia. Kila siku nilidhani ni kesho." Akainua uso. "Ni mtutu, Delmar. Ulikuwa umekwisha. Risasi ikaenda ilikotaka. Nani angeizuia?"

Inspekta alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Nisikilize vizuri. Kama ni mtutu, ni ajali. Nitaandika hivyo, utawajibika kwa kukaa kimya tu, na jioni utalala kwako. Lakini kama ulijua huoni, ukafyatua kuelekea mtu, hiyo ni kesi nyingine."

"Ni mtutu."

"Basi mtutu ulikuwa shahidi wako. Tungeufyatua mara kumi mbele ya hakimu, wote wangeona unavyokosa shabaha. Kwa nini ukamtoboa shahidi wako mwenyewe, mzee?"

Axel aliacha kunoa.

"Kwa sababu angesema ukweli. Kutoka hapa mpaka mferejini ni hatua mia moja na ishirini. Mtutu kama ule unakosa kwa shubiri mbili, tatu. Haukosi kwa hatua nne. Karatasi ilikuwa nyeupe. Shati la Emmett lilikuwa jeupe. Ulilenga cheupe ulichokiona."

"Hapana."

"Fundi bunduki asiyeona, nani atamletea bunduki? Ukaficha. Umewaficha watu wote, hata yeye. Alisimama pale kwa sababu alidhani bado una macho."

"Macho yangu hayana neno," Axel alisema. "Muulize mtu yeyote."

Inspekta alinyanyuka, akasukuma dirisha. Jua lilikuwa zuri, hewa safi, unaweza kuhesabu nguzo za seng'enge mpaka mlimani. Alitazama kule mferejini. Aliniambia alitamani kwa moyo wote mzee amshinde.

"Kuna karatasi pale, mahali pale pale mlipoweka yenu," alisema. "Unaiona?"

Axel alikuja dirishani. Akaweka kiganja juu ya nyusi, akatazama kwa utulivu, kama fundi.

"Naiona."

"Ikoje?"

"Nyeupe. Umeipigilia misumari minne. Mmoja, wa chini kushoto, umekaa upande."

Kule mferejini hakukuwa na karatasi yoyote; Hazel Rusk, na aproni yake nyeupe, alimaliza kufungua lango la maji ya Clayton, akanyoosha mgongo, akachukua koleo, akaanza kutembea kurudi nyumbani.