Bado Alikuwa Elfu Tisa

Soko la mtaa wa Kenya lilijaa mpaka watu wanapita kwa mabega. Huguette, libaya, blauzi yake ya kijani, imembana vizuri, alikuwa anabishania bei ya samaki mukavu pale sauti ya mwanaume ilipouliza nyuma yake:

"Maman, hii iko ya Pweto ao ya Kilwa? Usinidanganye, miye natoka kule juzi."

Akageuka kama aliyeguswa na moto. Sauti ile ilikuwa inaingia masikioni mwake kila siku, kule juu ya mnara wa uwanja wa ndege, alikokuwa anawaongoza marubani wanaopanda na wanaoshuka.

"Tango Lima?" akaita, jina la ndege yake redioni.

Mwanaume, shati jeupe la pasi, viatu vinang'aa katikati ya maji ya samaki, akamwita kwa jina la mnara. "Tour? Njo weye? Na miye nilizani uko mumama muzee!"

"Na miye nilizani uko mufupi."

"Muoane basi," muuza samaki akasema, "mutoke mbele ya meza yangu."

Huyo ndiye Floribert, mtoto wa wachuuzi wa Butembo, rubani wa kandege ka mizigo ka kwenda ziwani, Pweto na Kilwa. Simu zikaanza. "Chérie, umekula?" "Bado, nashiba sauti yako." Kwa Tantine Mwansa, shangazi wa Huguette, kule mtaa wa Bel-Air, nyumba isiyokosa wageni wala maneno, walishajua kila kitu, hata habari za Benita, mchumba aliyechaguliwa na familia ya Floribert.

"Benita? Tulishamalizana," Floribert aliapa. "Nilimwambia na kinywa changu."

Huguette akaamini. Wajomba wa Floribert walikuwa waje na mahari Jumamosi.

Alhamisi wingu lilifunga. Upande wa ziwa hakuna écran ya rada inayoonyesha vile vindege. Mnara unategemea sauti tu. Na sheria ni moja: anayepanda hapewi urefu mpaka rubani aliye mule aseme ametoka.

"Tango Lima, shuka. Ukitoka futi elfu tisa, niambie."

"Nimetoka elfu tisa, tour."

Akampandisha rubani mwingine, Guelor, mpaka elfu tisa ileile. Haikuchukua muda, sauti ya Guelor ikampasua masikio:

"Tour! Kuko ndege mbele yangu, elfu tisa! Nateremuka! Nateremuka!"

Hakufa mtu. Huguette akakabidhi micro kwa mwenzake, akashuka mnarani.

Floribert alishatua; alimkuta chini ya bawa la kandege kake, anafuta miwani.

"Chérie, mukono ulikuwa kwenye manette ya injini. Nilishaamua kushuka. Nilisema mapema kidogo, njo ile tu."

Huguette akamtazama sana. "Na Benita?"

"Benita anafanya nini humu?"

"Ulimwambia, ao ulishaamua kumwambia?"

Floribert akatazama viatu vyake. "Nilitaka tumalize kwanza dot, ile mahari yako."

Huguette akakataa mahari, na Jumamosi viti vya kukodi vikarudi kwa wenyewe, makreti ya bia yakarudi. Watu hawakurudi, walikuja kutoa pole na kuangalia uso wake.

"Mwana wangu," Tantine Mwansa akalalamika, "banaume bote banasema mapema. Sasa tutaambia bantu nini?"

"Ubaambie nilikuwa kazini."

Adhabu ya Floribert, kusimamishwa kuruka baada ya ripoti ya Huguette, ikaisha, akarudi hewani. Mvua zilipokoma, siku moja kandege kake kakikaribia Kilwa, mpaka wa eneo la mnara wa Huguette, na hewani hakuna mwingine, sauti ikaingia:

"Tour... Benita nilimwambia. Alirudi Butembo. Sasa hivi iko kweli."

Ilikuwa kweli. Tantine alishaileta habari hiyo kutoka sokoni, na Huguette aliiamini kwa sababu ilitoka sokoni. Sauti ileile aliyoipenda ilimpita masikioni kama ya mgeni, na hilo ndilo lililomuuma kuliko Benita.

"Tango Lima, nimesikia. Unatoka kwangu. Pita ku frequency ya redio ya bengine."

Floribert akajibu: "Natoka, tour. Nimeshatoka."

Huguette akangoja. Micro ya Floribert ilikuwa bado wazi, kwenye frequency ileile ya mnara. Alimsikia bado yupo, anapumua.

Huguette akavua casque masikioni.