Vyungu Vilivyopinduliwa Milangoni

Mfumasheria ilikuwa mashine ndefu ya kioo, nayo ilifanya kazi bila kuchoka katikati ya ukumbi wa mataifa jijini Arusha. Kwa macho yake ya angani ilitazama kila dola inatenda nini. Tendo likirudiwa miaka mingi na asitokee wa kulipinga, mashine ililifuma likawa sheria ya dunia. Wasomi waliisifu. Sasa sheria haitungwi na wakubwa, walisema, hujitunga yenyewe.

Asubuhi hiyo ilikuwa ikifuma haki ya kuvuta mawingu ya nchi nyingine. Vivutamawingu vya madola makubwa vilikuwa vimeikausha milima ya kwao Dakta Naelijwa Mshana, mwanasheria, na mama yake sasa alichota matope.

"Mlinyamaza, Dakta," alisema Mhandisi Kirwa, mtunza mashine, akimsogezea kiti chake mwenyewe kwa kuwa alimwona amechoka kusimama. "Hata mwari akinyamaza, amekubali."

"Mwari huulizwa kwanza. Sisi alituuliza nani?"

Naelijwa akamwomba afungue picha za kijijini kwao. Vikaonekana vyungu, vimepinduliwa mbele ya kila mlango. Chini ya picha mashine ilikuwa imeandika: vyombo vinaanikwa.

"Kwetu chungu hupinduliwa mlangoni kumwambia mgeni kwamba amekataliwa. Bonde zima limekataa miaka yote hii, na mashine yenu ikaona watu wameosha vyombo."

Kirwa akainamisha kichwa. "Nakuamini, dada. Lakini hii husikiliza dola, haisikilizi kina mama. Balozi wenu akisema 'tunakataa' kengele ikilia, uzi unakatika."

Balozi Mrutu, mzaliwa wa bonde lilelile, alikuwa ameketi safu ya mbele. Naelijwa akampelekea picha.

"Baba, hivi ni vyungu vya nini?"

Mzee aliitazama kwa muda. "Hicho cha pembeni ni cha dada yangu," alisema polepole.

"Basi wasemee. Neno moja tu."

Balozi akawatupia jicho wajumbe wa madola makubwa, ambao jana walimkirimu chakula. Akanyoosha tai. "Mwanangu, mambo ya mataifa yana adabu yake."

Kengele ikalia. Mfumasheria ikamuuliza kila balozi, kwa lugha ya kwao, kama ana pingamizi. Ilipofika kwa Mrutu ikamngoja.

Alinyamaza. Safari hii mashine haikukosea kusoma.