Ukurasa wa Mheshimiwa Othman

Vitabu mia mbili, na kila kimoja kimekatwa ukurasa wa arobaini na moja.

Inspekta Sesilia alipiga magoti katika ghala la mtaa wa Kangle, akapitisha kidole kwenye mkato. Hapa Guangzhou alikuja kwa kozi ya upelelezi tu, hakuwa na mamlaka ya kumkamata hata paka. Lakini Bwana Abdulwakil, mwandishi wa kitabu, alimsihi: kontena linakwenda bandari ya Nansha kesho, na polisi wa hapa wangeanza na viza za watu.

Kitabu kilikuwa historia ya muhula mmoja wa Baraza la Wawakilishi: wajumbe wote, na waliyoyasema.

"Ukurasa huo ni wa nani?"

"Mheshimiwa Othman. Nyuma yake ni picha ya jengo."

"Uliandika nini?"

"Kumbukumbu rasmi zinavyoonyesha. Miaka mitano, hakusema neno."

Sesilia alichomoa nyuzi za kijani zilizonasa kwenye mkato, akazitia katika bahasha. Kitambaa cha sare za shule.

"Kontena mnachangia na nani?"

"Na yeye mwenyewe. Siku hizi anashona sare hapa na kuzisafirisha nyumbani. Ufunguo wa ghala anao."

Walimkuta Mzee Othman karakanani kwake, wembe mkononi.

"Shikamoo, mzee. Wembe huu umekata karatasi lini?"

"Marahaba. Mimi nakata nguo, mwanangu."

"Nyuzi zako zimo katika vitabu vyote."

Mzee aliuweka wembe mezani. Sesilia alijikuta anatamani awe amekosea.

"Nimekata mimi. Mjukuu wangu Fathiya anasoma udaktari hapa. Mama yake, Kauthar, binti yangu, alimzaa njiani, akafa. Jimboni kwetu hapakuwa na wodi ya wazazi. Alipokua akaniuliza, 'Babu, si ulikuwa Barazani?' Nikamwambia niliomba, wakaninyima. Sasa kaagiza kitabu hiki asome nilivyopigana."

"Na hukuomba."

Alitoa mfukoni karatasi iliyochakaa mikunjoni. Ilikuwa hotuba ya kuomba wodi.

"Kila kikao niliingia nayo. Spika akitazama upande wangu, ulimi unakuwa mzito. Nasema, kikao kijacho. Kauthar akafa, hotuba imo mfukoni."

Abdulwakil alifuta macho. "Mzee, naweza kuichapa hii badala yake."

"Usinichapie uongo, niliousema mwenyewe unatosha. Chapa upya ukurasa ule ule, gharama juu yangu."

Akachukua simu, akapiga.

"Babu? Haloo? Babu, mbona kimya?"

Sesilia alitaka kumshika mkono, akajizuia.

"Fathiya," alisema mzee. "Sikuomba."