Wanawake wa Nereah

Haya yalimpata dada yangu Nereah. Nilikuwepo, na hasira bado ninayo.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida mtaani kwao Kisumu Ndogo, dagaa wa omena wameanikwa nje, kanisa la jirani likijaribu spika. Nereah alikuwa akimchora kwenye turubai kubwa yule mwanamke wa hadithi za ziwani: aliyevuliwa kwa wavu, akamtajirisha mvuvi, akatukanwa, akarudi majini na ng'ombe wote wakamfuata. Ila kwa Nereah, ng'ombe walikuwa wanawake wenye pembe wakitembea juu ya mabati, na ziwa lilining'inia mahali pa mawingu. Kila mwanamke aliyemchora, mdomo aliuacha hadi mwisho, baada ya kuketi naye peke yao.

"Lazima akubali kwanza," alizoea kuniambia.

Huyu alikuwa bado hana mdomo Nereah alipokwenda Siaya kumuuguza mama yetu. Huku nyuma mumewe, Oluoch, akamchorea kijimdomo kipole, kinachotabasamu, eti wanunuzi wanapenda hivyo. Akatia sahihi yake kwenye picha zote za Nereah, akazipeleka kwenye maonyesho katika ukumbi mmoja karibu na mtaa wa Nyayo Highrise. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nereah aliporudi na kukuta picha hazipo, tulimfuata huko. Tuliingia mchana, watu wakimpigia Oluoch makofi.

"Oluoch, hizi picha ni zangu," Nereah alisema, machozi yakimtoka.

"Wacha drama, bana. Wewe ulikuwa unanishikia tu brashi."

Nilitamani kumzaba kofi. Nereah akanyamaza. Ee Mungu, akanyamaza.

Ukumbi ukanuka samaki wabichi. Makofi yakakatika. Nikatazama picha ya yule mwanamke. Tabasamu lilikuwa limefunguka. Ndani mlikuwa na meno. Maji yakatiririka ukutani. Kwato zikalia juu ya mabati. Ukumbi ule una paa la zege.

Tulipothubutu kuinua macho, turubai zote zilikuwa nyeupe. Oluoch alikuwa sakafuni, kinywa wazi, sauti hana. Hadi leo hajatamka neno.

Nilidhani dada atafurahi. Alipapasa ile turubai kubwa kama anayetafuta mlango gizani.

"Jael, wameenda bila mimi," alininong'oneza. "Nilinyamaza, wakaniacha."

Tuliibeba, ikiwa imelowa, hadi kwangu mtaa wa Soweto East. Niliianika juani, haikukauka. Nereah alishinda mbele yake, hali, halali.

Jana nilitoka kuchota maji. Niliporudi, chumba kilikuwa kitupu. Turubai ilikuwa na matope upande wa chini, na kwenye matope nyayo mbili, zikielekea ndani ya picha.

Ndara zake zilikuwa zimepangwa vizuri sakafuni. Dada yangu wa tumbo moja. Hakuniaga.