Mguu wa Punda Sauti

Asubuhi Mwaija alifagia uwanja, akateka maji bombani, akabandika chai. Bomba lilikuwa karibu na mlango. Tangu wahamie kijiji cha ujamaa, hakuna kilichomfurahisha kama bomba hilo. Kule mahameni, walikotoka, maji yalikuwa mtoni, na njia ya mtoni ilikuwa mawe matupu.

Baada ya chai alimpelekea punda wao pumba. Punda huyo aliitwa Sauti, kwa sababu akilia alfajiri hakuna jirani aliyebaki usingizini. Sasa alikuwa mzee. Walimfunga karibu na bomba, penye majani mabichi na tope. Alipomwona Mwaija alipiga hatua moja, kisha akasimama. Mguu wa mbele wa kushoto aliutanguliza kidogo, bila kuukanyagia.

Mwaija aliumia moyo. Sauti alikuwa akichechemea tangu mvua za vuli.

Mumewe, Mwinjuma, hakukaa bure. Alifanya kama baba yake alivyofanya na ng'ombe wake. Mnyama akichechemea, alichomwa begani kwa chuma cha moto ili ugonjwa utoke. Mara ya kwanza Sauti alipata nafuu, kisha akarudi palepale. Mwinjuma akamchoma tena. Sasa bega lilikuwa na makovu, na mguu ulikuwa vilevile.

"Mama Hamisa," Mwinjuma alisema, "huyu ana uzee tu. Mahindi ya shamba letu la mahameni yanakaribia kukauka. Nitamchoma mara moja tena leo. Asipopona, nitampeleka porini nimwache."

"Porini kuna fisi, Baba Hamisa."

"Najua."

"Huyu ndiye aliyenibeba kwenda zahanati nilipokuwa na uchungu wa Hamisa."

"Hilo nalo najua," alijibu kwa sauti ya chini. Hakupenda jambo lile hata kidogo. Lakini hakuona njia nyingine.

Mwaija aliona mbali zaidi. Punda akienda, mahindi yote yangekuja nyumbani juu ya kichwa chake, naye kiuno kilikuwa kikimsumbua. Siku hiyo Laurenti, bwana mifugo kutoka Korogwe, alikuwa zizini akitazama ng'ombe wa kijiji. Mwaija alijitanda khanga, akaenda kumwita. Hakumuaga mumewe. Aliogopa kukatazwa.

Waliporudi, chuma kilikuwa tayari motoni.

"Shikamoo, mzee," alisema Laurenti.

"Marahaba. Wewe Msambaa?"

"Wa Dindira, mzee."

"Na huko milimani mnajua punda?"

"Sisi tunabeba ndizi vichwani. Shingo iliponiuma ndipo nikaenda kusomea wanyama."

Mwinjuma alicheka bila kutaka.

"Mzee, chuma kisubiri kidogo," alisema Laurenti. "Umejuaje kwamba ugonjwa uko begani?"

"Mguu si unaanzia begani?"

"Ndiyo. Na unaishia wapi?"

Mwinjuma aliutazama mguu mpaka chini.

Laurenti hakumgusa punda kwanza. Alimwomba Mwaija amtembeze barabarani, kwenye ardhi ngumu, aende naye na kurudi.

"Tazama kichwa, mzee. Mguu mbovu ukigusa chini, anainua kichwa ili aupunguzie uzito. Akikanyaga ule mzima, kichwa kinashuka."

Mwaija alikuwa amekiona kichwa kile kikipanda na kushuka miezi yote hiyo. Alidhani ni uchovu.

Kisha Laurenti alipapasa mguu kuanzia begani kwenda chini, taratibu. Alipapasa na ule wa pili, ili alinganishe. Begani punda alitulia. Kwenye goti alitulia.

"Mzee, shika ukwato huu. Sasa shika ule."

Mwinjuma aliinama, akashika. Akarudia tena.

"Huu wa kushoto una moto," alisema.

"Basi tuuoshe tuuone."

Mwaija alileta maji. Tope lilipotoka, ukwato ulionekana umerefuka na ncha yake imepinda juu, kama kiatu kisichomfaa mwenyewe. Laurenti aliubana kwa koleo, kidogo kidogo, kuuzunguka wote. Alipofika mahali fulani, Sauti aliuvuta mguu kwa nguvu.

"Hapa," alisema Laurenti. Mwinjuma alimshika punda vizuri. Laurenti akachukua kisu chake cha kwato, akakwangua. Ukatoka usaha mweusi, wenye harufu mbaya. Punda akashusha pumzi ndefu.

Mwinjuma alitazama ule usaha, kisha akatazama makovu ya begani. Aliona aibu.

"Mbona alipata nafuu nilipomchoma?" aliuliza.

"Baada ya kumchoma alifanya kazi?"

"Hapana. Nilimpumzisha."

"Basi mapumziko ndiyo yaliyomsaidia. Moto ulimwongezea maumivu tu."

"Na uzee?"

"Uzee anao, mzee. Lakini uzee hautii moto ukwato mmoja na kuacha mwingine. Mnyama mzee naye huugua. Tusiutupie uzee kila lawama."

Mwaija bado hakuridhika. "Miaka yote hakuwa na ugonjwa huu. Ameutoa wapi?"

"Kule mahameni alikuwa akifanya nini, mama?"

"Akibeba maji kutoka mtoni kila siku."

"Njia ikoje?"

"Mawe," alisema Mwaija.

"Ukwato unakua kama kucha," alisema Laurenti. "Mawe yalikuwa yakimpunguza kucha, nanyi hamkujua. Hapa maji yako mlangoni. Yeye anasimama kwenye tope kutwa. Ukwato unarefuka, unalainika, unapasuka. Uchafu unaingia, unageuka usaha."

Mwaija aligeuka akalitazama bomba lake. Hakuacha kulipenda, ila alielewa.

Laurenti aliwaonyesha la kufanya. Kila siku waloweke ukwato katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, waukaushe, waufunge kitambaa safi na kipande cha gunia. Punda ahamie mahali pakavu. Akipona, wainue miguu yake yote kila siku na kuondoa uchafu.

"Kupunguza kwato niachieni mimi," alisema. "Ndani kuna nyama hai. Mkikata ovyo mtamlemaza."

Mwinjuma mwenyewe ndiye aliyejenga banda la punda, juu penye changarawe. Chumvi aliitia yeye, na maji aliyajaribu kwa kiwiko, kama mtu anayeogesha mtoto. Laurenti alirudi, akapunguza kwato kidogo, akarudi tena. Usaha ulikauka. Kichwa cha Sauti kikatulia.

Mavuno yalipofika, Sauti alibeba mahindi kutoka mahameni, mizigo myepesi kwanza. Mwaija alitembea nyuma yake, mikono mitupu.

Ghala lilipojaa, majirani waliona jambo la kuchekesha. Jioni Mwinjuma alikuwa akimfungua punda na kushika naye njia ya zamani ya mtoni, bila madumu wala mzigo.

"Mzee Mwinjuma," aliuliza jirani yao Muhidini, "bomba limekauka?"

"Maji yapo."

"Sasa mtoni unafuata nini?"

"Mawe."

"Unakwenda kuyabeba?"

"Hatubebi kitu," alisema Mwinjuma. "Ametembea kwa ajili yangu miaka mingi. Sasa mimi natembea kwa ajili yake."

Muhidini alicheka sana. Mwinjuma hakujali. Aliilegeza kamba, wakateremka pamoja, punda akikanyaga kwa miguu yote minne.