Jina Lina Mwenyewe

Maji ya bomba pale mtaani Kamalondo yana kiburi: yanakuja yakitaka, usipoyakinga shauri yako. Ndiyo maana, jua likizama, Edouard alikuwa amechuchumaa uani akifunga kidude cha kupima maji ya tanki. Kidude kilitaka jina, ili simu ikipate kwenye wifi ya nyumba. Jina lolote.

Akaandika: kiki.

Jamani, huyu mwanaume! Kiki alikuwa binti yao, homa ilimchukua mwaka jana. Na kwa ukoo wao, jina la marehemu halichezewi. Linamngojea mtoto atakayefuata. Mtoto mwenyewe alikuwa tumboni mwa mkewe, Kapinga, siku za kuzaa zinakaribia.

Kapinga akatoka jikoni, akachungulia simu ya mume wake.

"Papa Kiki... ile jina iko ya mutoto."

"Ni ya kujaribu tu, Mama Kiki. Nitaitoa."

Simu ikatetemeka. Kidude kimepatikana.

kiki-2.

Edouard akaisogeza simu karibu na macho. Kazi hii aliijua: kidude kinajiongezea mbili pale tu kinapokuta jina lina mwenyewe, humo humo ndani ya nyumba.

"Mbili ni ya nini?" Kapinga akanong'ona.

Edouard akakishika kidude. Akachomoa waya. kiki-2 ikapotea.

kiki ikabaki.

Ndani ya tanki tupu kitu kikagonga. Tok... tok. Harufu ya mafuta ya mtoto ikajaa uani, yale yale waliyokuwa wakimpaka Kiki.

"Simu inakumbukaka majina ya zamani," Edouard akasema. "Ni vile tu." Lakini jina lile hakuwahi kuliandika humo kabla ya leo, na alijua anadanganya. Akakimbia kuzima wifi.

Kapinga alilia sana. Mwishowe akamnong'oneza mumewe sikioni: "Basi tutamuita Abigaël." Hawakumwambia mtu yeyote.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, mzuri ajabu. Walipomleta nyumbani, Edouard akawasha wifi amtumie bibi wa mtoto picha. Akasema ngoja nichungulie kidogo tu vidude vilivyo kwenye wifi.

abigael.

Kidude kilikuwa bado kwenye kabati alikokifungia siku ile, bila waya.

Mpaka leo yule mtoto hajaitwa jina. Wageni wakiuliza jina, Kapinga anaweka kidole mdomoni, anaangalia upande wa tanki.

"Mumuite tu mutoto," ananong'ona. "Polepole... Iko anasikia."